Friendship 7 Makumbushoni: Chombo Kinachoonekana na Masikio Yasiyoonekana

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, si kila aonaye hutazama, na si kila atazamaye hutambua alichokitazama. Mtu anayeingia katika Makumbusho ya Taifa ya Anga na Anga za Juu ya Smithsonian, mjini Washington nchini Marekani, hukutana na vitu vingi vinavyogombania macho yake: ndege ya ndugu Wright iliyoruka mwaka 1903, ndege ambayo Charles Lindbergh aliivukia Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927, na chombo cha Apollo 11 kilichowarejesha duniani watu waliokwenda mwezini mwaka 1969. Katika hazina hiyo kimo pia chombo kidogo cheusi chenye umbo linalokaribia kengele, kitako kipana na shingo nyembamba. Ubavuni kimeandikwa jina Friendship 7. Mtazamaji asiyejua historia yake anaweza kukipita akidhani ni kipande tu cha mtambo mkubwa zaidi.

Hicho ndicho chombo ambamo John Glenn, mnamo tarehe 20 Februari 1962, aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa 4 na dakika 55, akawa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza kile ambacho mtazamaji hukiona anaposimama mbele ya chombo hicho na, muhimu zaidi, kile asichokiona. Hoja inayoongoza maelezo haya ni kwamba chombo kinachoonekana ni nusu tu ya kisa. Nusu ya pili ilikuwa imetawanyika juu ya uso wa dunia, na sehemu yake moja ilikuwa katika ardhi ya Waswahili, huko Tunguu, kisiwani Unguja. Msomaji wa Kiswahili basi ana haki ya kukitazama chombo hiki kwa jicho tofauti na la mgeni wa kawaida.

Chombo na umbo lake

Jambo la kwanza linalomshangaza mtazamaji ni udogo wa chombo chenyewe. Kitako chake kina upana usiotimia mita mbili. Nafasi ya ndani, ukiacha mitambo, ni kiasi cha mita moja na sehemu saba za ujazo, yaani haimtoshi mtu kusimama wala kugeuka. Wanaanga wenyewe walikuwa na mzaha kwamba chombo cha aina hii hakipandwi bali huvaliwa. Glenn alilala chali juu ya kiti kilichofinyangwa kwa vipimo vya mwili wake, uso ukielekea ubao wa vyombo vya kupimia, mikono ikiwa karibu na vidude vya kuongozea. Swichi, fyuzi na vishikio vilivyomzunguka vilizidi mia moja. Juu ya kichwa chake palikuwa na dirisha moja. Dirisha hilo halikuwamo katika chombo alichorukia Alan Shepard mwezi Mei 1961. Kilichokuwapo ni vitundu viwili vidogo vya vioo. Wanaanga ndio waliodai dirisha la haja, na kwa hakika mwanadamu apelekwaje mbinguni akanyimwe pa kuchungulia?

Ngozi ya nje ni mabamba ya metali yenye mifuo, meusi, yaliyotengenezwa kwa aloi ya nikeli ili yastahimili joto. Ndani yake kuna chumba cha titani kilichozibwa barabara ili hewa isitoroke. Lakini uhai wa msafiri haukutegemea ubavu, ulitegemea kitako. Hapo ndipo palipokuwa na ngao ya joto, sahani kubwa iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa viwandani. Ufundi wake unastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu kisa chote cha safari hii kinauzunguka.

Chombo kilicho katika mzingo husafiri kwa kasi inayokaribia kilomita 28,000 kwa saa. Kinaporejea, sharti kasi hiyo yote ipotee, na nishati ya mwendo haipotei hivihivi. Hugeuka kuwa joto. Hewa iliyo mbele ya chombo hubanwa ghafla kiasi cha kuwaka. Ngao haikuundwa ili izuie joto hilo kama ukuta unavyozuia upepo. Iliundwa ili iungue. Tabaka lake la juu huchomeka, huwa mkaa, huyeyuka na kupeperuka, na kila chembe inayoondoka huondoka na sehemu ya joto. Ngao hujitoa mhanga kidogo kidogo ili kilicho nyuma yake kibaki salama. Uso wake ulifikia nyuzi takriban 1,650 za Selsiasi, ilhali mtu aliyekuwa nyuma yake alitokwa na jasho tu. Mtazamaji anayekiona chombo makumbushoni kikiwa na rangi ya kuungua asiichukulie kuwa ni dosari iliyosahauliwa kusafishwa. Makovu hayo ndiyo maandishi yenyewe. Aliyeyafuta angekuwa ameifuta safari.

Nahodha au shehena?

Katika Kiswahili cha pwani, neno chombo halimaanishi tu kitu cha jikoni au kifaa cha kazi. Chombo ni jahazi, ni mashua, ni kile kinachotwekwa tanga na kuongozwa na nahodha. Kwa hiyo walioamua kuuita mtambo huu chombo cha angani waliufikisha nyumbani bila taabu, kwani neno lilikuwa limeshazoea safari, upepo na hofu ya kutofika. Wapo waandishi wanaopendelea kapsuli. Istilahi hiyo haina kosa la sarufi, ila msemaji wa kawaida ameshaizoea katika duka la dawa, na ni vigumu kumfanya amwone mtu mzima ndani yake. Neno mwanaanga nalo limeundwa kwa kanuni ileile iliyotupa mwanamaji na mwanasiasa, na limekubalika bila kelele.

Swali la nahodha si mchezo wa maneno. Lilikuwa mgogoro halisi katika mradi huo ulioitwa Mercury. Chombo kiliundwa kijiendeshe. Kabla ya binadamu walikuwa wametangulia sokwe wawili: Ham aliyerushwa Januari 1961 na kurejea bila kuingia katika mzingo, na Enos aliyeizunguka dunia mara mbili mnamo Novemba mwaka huohuo. Marubani wengine wa Marekani waliwacheka wanaanga kwamba wanaifanya kazi ambayo mnyama ameshaifanya. Je, mtu aliyefungwa mikanda ndani ya chombo hicho alikuwa nahodha au shehena?

Jibu lilipatikana mwishoni mwa mzunguko wa kwanza. Moja kati ya pua ndogo za kusukumia gesi ambazo hukiweka chombo katika mkao wake ilileta kasoro, chombo kikaanza kuyumba upande mmoja. Glenn aliuzima mtambo wa kujiendesha akakiongoza mwenyewe kwa mkono, na akaendelea hivyo kwa sehemu kubwa ya muda uliosalia. Sokwe asingeweza. Ndiyo maana kishikio cha mkono wa kulia, kidude kidogo ambacho mtazamaji hukitafuta kwa shida kupitia uwazi wa mlango, kina uzito kuliko vyote vilivyomo. Kilimfanya aliyemo kuwa nahodha.

Upande wa hesabu nako kulikuwa na swali la kuaminiana. Kompyuta zilikuwa mpya na zilishukiwa. Kabla ya kuruka, Glenn aliomba hesabu za njia ya chombo zikaguliwe kwa mkono na Katherine Johnson, mwanahisabati mwanamke Mmarekani Mweusi aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Langley, Virginia, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa bado na sheria za ubaguzi wa rangi. Jina lake halikuandikwa ubavuni mwa chombo, na kwa miongo mingi umma haukumjua. Tutarudi kwenye suala hili la majina yasiyoandikwa.

Dakika chache juu ya Unguja

Mawimbi ya redio yaliyotumika husafiri kwa mstari ulionyooka, hayajipindi kuufuata mviringo wa dunia. Chombo kilicho karibu na dunia huchomoza katika upeo wa macho wa kituo, hupita juu, kisha huzama upande wa pili. Kituo kimoja hukisikia kwa dakika chache tu. Ili mtu asipotee kabisa katika ukimya, waliomtuma walilazimika kupanga vituo kuizunguka dunia, kimoja kikimpokeza mwenzake, mithili ya wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Mtandao wa Mercury ulikuwa na vituo kumi na vinane, baadhi yake vikiwa juu ya meli. Njia ya chombo ilianzia Florida, ikavuka Atlantiki kupitia Visiwa vya Kanari, ikaingia Afrika, ikapita Kano nchini Nigeria, kisha ikaikabili Bahari ya Hindi. Mbele ya hapo ni maji matupu hadi Australia, pakiwa na meli moja tu ya kusikiliza katikati. Ndipo Zanzibar ilipohitajika. Ilikuwa pwani ya mwisho.

Mwezi Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa na mamlaka juu ya Zanzibar wakati huo, ilikubaliana na Marekani kwamba kituo kijengwe kisiwani. Wenye nchi hawakuwa na kauli moja kuhusu jambo hilo. Wanasiasa wa Hizbu waliupinga mradi, wakihofia kwamba mitambo ya dola kubwa, hata ikiitwa ya kisayansi, huwaletea wenyeji ugomvi usiowahusu. Leo ni rahisi kwa msomaji kuidharau hofu hiyo. Lakini ikumbukwe kwamba roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilikuwa imebuniwa kwanza kubebea bomu la nyuklia. Aliyesema kwamba sayansi hii ilikuwa na ndugu yake wa kijeshi hakuwa amekosea.

Siku ya safari, Glenn aliruka saa 3 na dakika 47 asubuhi kwa saa za Florida. Aliwasili juu ya Zanzibar takriban nusu saa baadaye. Ukihesabu tofauti ya saa na mahali jua lilipo kisiwani wakati huo wa mwaka, utaona kuwa ilikuwa jioni, kiasi cha nusu saa kabla ya magharibi. Aidha, tarehe hiyo iliangukia katikati ya mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1381 Hijria. Yaani wakati mtu wa kwanza wa Marekani kuingia katika mzingo anapita juu ya Unguja, jikoni za mji huo zilikuwa katika harakati za futari, na waliofunga walikuwa wakilisubiri jua lizame. Huko juu naye Glenn alikuwa akilikimbilia jua hilohilo kutoka upande wa pili: dakika chache baadaye, juu ya Bahari ya Hindi, aliliona likituama kwa kasi ambayo hakuna mfungaji angeweza kuiota, kwa kuwa siku yake nzima, mchana na usiku, ilikuwa dakika 88 na ushei. Ama kwa hakika, mtunzi wa riwaya angeyabuni hayo, mhakiki angemshutumu kwa kulazimisha sadfa.

Kilichofanyika katika dakika hizo hakikuwa cha kishairi. Ilikuwa kazi ya daktari. Hakuna aliyejua kwa hakika moyo wa binadamu utatendaje kwa muda mrefu pasipo uzito. Wapo waliohofia kwamba macho yangepoteza umbo na chakula kikakataa kushuka. Glenn alifanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira iliyofungwa ndani ya chombo, kwa sekunde thelathini. Mapigo ya moyo wake yalipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakarejea karibu na yalipokuwa. Tabibu aliyekuwa akisikiliza kisiwani alipokea habari za mwili wa mtu aliyekuwa juu ya kichwa chake, ambaye hakuweza kumwona. Taarifa zikapelekwa kwa simu za maandishi hadi Maryland. Kisha chombo kikazama katika upeo, na meli ya Bahari ya Hindi ikapokea zamu.

Hatari ilijitokeza baadaye. Katika mzunguko wa pili, kipimo kimoja kilionesha kwamba ngao ya joto ilikuwa imelegea. Kati ya ngao na chombo palikuwa na mfuko wa kitambaa chenye mpira ambao hutanuka chombo kinapokaribia maji ili kupunguza mshtuko. Ishara ilidai kwamba mfuko huo umekwisha kujifungua. Kama ni kweli, ngao ilikuwa imeshikiliwa na mikanda mitatu tu, ile ya kifurushi cha roketi za kupunguza mwendo. Kwa kawaida kifurushi hicho hutupwa baada ya kutumika. Waliokuwa Florida wakabishana: kikiachwa kinaweza kuiharibu ngao wakati wa kuungua, na kikitupwa ngao inaweza kuchomoka. Waliamua kiachwe.

Jambo la kuzingatia ni jinsi Glenn alivyopata habari. Hakuambiwa mapema. Vituo vilianza kumhoji kwa kuzungukazunguka: je, swichi ya mfuko iko mahali gani? Je, unasikia kitu kikigongagonga? Kituo hiki huuliza, kile hurudia, naye akang'amua kutokana na maswali kwamba kuna linalofichwa. Mwanafunzi wa usemezano atakitambua kisa hiki mara moja: ujumbe haukuwamo katika maneno bali katika ukweli kwamba maneno yaleyale yanaulizwa na watu mbalimbali. Alipoingia katika angahewa aliona vipande vya moto vikipita dirishani. Hakujua kama ni kifurushi kinachoungua au ngao yenyewe. Wakati huo hakuna kituo kilichomsikia, kwa kuwa hewa iliyowaka huziba redio. Baada ya dakika kadhaa sauti yake ikarejea. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulibainisha kwamba ngao ilikuwa imara muda wote. Kilichokosea ni swichi iliyotoa ishara.

Mzunguko wa nne na neno makumbusho

Chombo kilitua katika Atlantiki kikaopolewa na meli ya kivita Noa. Kabla mwaka haujakwisha kilikuwa kimepelekwa kuoneshwa katika miji ya Ulaya, Afrika na Asia, na watu wakapanga foleni ndefu kukitazama. Wamarekani waliiita ziara hiyo mzunguko wa nne. Jina hilo lilikuwa la ujanja, na lengo halikuwa siri. Yuri Gagarin wa Muungano wa Kisovieti alikuwa ametangulia tarehe 12 Aprili 1961, na Gherman Titov akafuata mwezi Agosti kwa mizunguko 17. Marekani ilikuwa nyuma. Ilichoweza kujivunia ni uwazi: safari ilitangazwa moja kwa moja redioni na katika televisheni, na sasa chombo chenyewe kikaletwa watu wakishuhudie, wakati Wasovieti walikuwa wakilificha umbo la chombo chao na hata ukweli kwamba Gagarin alitua kwa mwavuli akiwa nje yake. Kwa hivyo tangu mwanzo kukionesha chombo hiki kulikuwa hoja ya kisiasa. Mnamo mwaka 1963 kilikabidhiwa taasisi ya Smithsonian, na mwaka 1976 jengo jipya la makumbusho hayo likafunguliwa. Kwa miongo mingi watazamaji walikiona kikiwa kimefunikwa plastiki angavu, kwa sababu kila mgeni alitaka kukigusa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa nyenzo ya kufikiria ambayo lugha nyingine hazina. Katika lugha kadhaa za Ulaya, jina la mahali pa aina hii linatokana na miungu ya kike wa sanaa wa Wayunani. Sisi tunasema makumbusho. Shina lake ni kumbuka. Kiambishi cha kusababisha kikaongezwa, ikawa kumbusha. Ndipo likapatikana jina. Kitenzi cha kusababisha hakikamiliki bila watendwa: kuna anayekumbusha, kuna anayekumbushwa, na kuna kinachokumbushwa. Mara mtu anapoliangalia neno kwa namna hii, maswali hujileta. Friendship 7 humkumbusha nani? Humkumbusha nini? Na je, yule ambaye hakumbushwi, amesahau au amesahaulishwa?

Chombo kimehifadhika kwa sababu ni kimoja, kinabebeka na kinapendeza. Mtandao wa vituo haubebeki. Kibao cha sentensi chache kilichowekwa kando ya chombo chochote hakiwezi kuwabeba mafundi wa Kano, mabaharia wa Bahari ya Hindi na wasikilizaji wa Unguja. Hili si shutuma kwa walinzi wa makumbusho, ambao kazi yao ni ngumu na wameifanya kwa uangalifu. Ni hulka ya vitu: kinachoweza kuwekwa juu ya jukwaa hugeuka kuwa historia yote, na kisichowezekana huachwa nyaraka zikijaaliwa kukitaja. Hata kamera ndogo aliyoinunua Glenn katika duka la kawaida huko Florida, akapiga nayo picha za machweo, imehifadhiwa. Antena za Tunguu hazikuhifadhiwa.

Wanafasihi watakumbuka kwamba fasihi yetu ilikuwa imekwisha kuwatuma watu angani kabla ya Glenn. Tendi za Miraji zimesomwa pwani kwa karne nyingi. Karibu zaidi na wakati huo ni Shaaban Robert, aliyechapisha Kusadikika mwaka 1951, kitabu ambacho jina lake kamili huitaja nchi iliyo angani, na ambaye aliaga dunia mwezi Juni 1962, miezi minne tu baada ya safari hii. Katika nchi hiyo wajumbe sita hutumwa pande sita waende wakajifunze mema ya ulimwengu, na wote hurejea na maarifa wakatiwa kifungoni. Glenn alirejea akapokelewa kwa gwaride na mvua ya vikaratasi katika mitaa ya New York mnamo tarehe 1 Machi. Tofauti hiyo inaelekea kuwa kubwa mpaka mtu aulize wajumbe waliosahaulika walikuwa nani katika kisa cha pili. Mjumbe aliyetumwa alishangiliwa. Waliomsikiliza njiani hawakutajwa. Kusadikika si unabii wa roketi, na haifai kusomwa hivyo. Ni kitabu kuhusu jamii inavyoyapokea maarifa yanayoletwa na wasafiri, na swali hilo halizeeki.

Kituo cha Zanzibar hakikudumu. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani wengi wakaondolewa kisiwani kwa meli ya kivita siku hizohizo, na katika miezi iliyofuata serikali mpya ya Sheikh Abeid Karume ikataka kituo kiondolewe. Kikafungwa mwaka huohuo, na kazi yake ikahamia Tananarive, Madagaska. Miaka michache baadaye Waitalia walianza kurusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka hapo ikapewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili likakaa katika mzingo hadi mwaka 1979, setilaiti ilipoanguka na kuungua. Haikuwa na ngao ya joto. Haikukusudiwa kurudi, na hivyo hakuna makumbusho yanayoweza kuionesha.

Glenn mwenyewe alirudi angani mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 77, ndani ya chombo Discovery ambacho nacho sasa kiko chini ya Smithsonian, katika jengo lake la pili huko Virginia. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016. Mtu akitaka kuvitazama vyombo vyake viwili, cha ujanani na cha uzeeni, anahitaji safari ya gari ya saa moja hivi. Akitaka kukitazama kituo kilichomsikiliza moyo, aende Tunguu. Huko leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wanafunzi hupita asubuhi wakiwahi vipindi.